Vidonge vya harufu kwa kantangaze: misimu miwili kwenye nyanya zangu, Ilula

Kila anayepita njia ya bondeni akaona mabeseni mekundu yamepangwa katikati ya matuta yangu huniuliza kama ile "dawa ya beseni" inafanya kazi. Akina mama wa kikundi chetu nao wameniuliza, na nimekuwa nikiwajibu nusu nusu, huku mkono mmoja umeshika jembe. Leo nimekaa niliandike jibu lote.

Nalima nyanya Ilula, wilaya ya Kilolo, ekari moja na nusu, kilimo cha kiangazi cha kumwagilia. Vidonge hivi vya kuvutia nondo wa kantangaze nimevitumia misimu miwili. Msimu wa kwanza vilinitia hasara ambayo bado nailipa kwenye kikundi. Msimu wa pili vilinivusha. Kidonge ni kilekile, pakiti ileile, rangi ileile. Kwa hiyo anayesema "havifanyi kazi" simbishii, na anayesema "vinafanya" simbishii pia, mpaka nimuulize alivinunua wapi na aliviweka vya nini.

Kantangaze wengi wenu mnamfahamu, lakini kuna vijana wanaoanza kulima mwaka huu, nao waelewe. Ni nondo mdogo wa rangi ya kijivu na kahawia, urefu wake kama punje ya mchele. Ametoka Amerika ya Kusini. Wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1917 kutokana na nondo waliokusanywa Peru, mwaka 2006 akaonekana Hispania, akashuka Afrika ya Kaskazini, na mwaka 2014 akawa ameingia Tanzania. Jike mmoja anaweza kutaga mayai yanayofika 260 katika maisha yake. Buu akitoka kwenye yai anatoboa jani na kuishi katikati ya ngozi mbili za jani, anakula nyama ya ndani na kuacha mabaka meupe kama karatasi iliyolowa mafuta. Akimaliza majani anaingia kwenye tunda, mara nyingi pale karibu na kikonyo. Hapo dalali anageuza nyanya mkononi, anaona kitundu kidogo kama cha sindano, anaitupa pembeni. Jina lake huku tunalisikia kama "kanitangaze", na kwa kweli alijitangaza: kuna watu wa Ilula waliohama kabisa kwenye nyanya wakaenda kwenye vitunguu.

Kwa kuwa buu amejificha ndani ya jani, dawa nyingi zinapita juu yake. Na sisi tulivyoona hafi, tuliongeza. Mimi mwenyewe nilifika mahali pa kupiga kila baada ya siku nne, nachanganya dawa mbili hadi tatu kwenye pampu moja ya mgongoni, bila kipimo cha maana. Kumbe mdudu huyu ana sifa ya kuzoea dawa. Ukimpiga na aina moja mfululizo, wanaobaki ni wale isiowadhuru, na hao ndio wanaozaa. Msimu mmoja nilipiga mara 18. Kila pigo lilinigharimu kama shilingi 45,000, dawa pamoja na kibarua. Jumla 810,000, na bado nilikuwa nachagua nyanya nzima kutoka kwenye rundo la mbovu. Ngozi ya mikono ilikuwa inabanduka. Hapo ndipo nilipoanza kuulizia njia nyingine.

Sasa bidhaa yenyewe. Ndani ya pakiti ya karatasi ya fedha, ile inayong'aa, unakuta kizibo cha mpira cha kijivu. Ukitaka kukiona kichwani, kumbuka kizibo cha kichupa cha dawa ya sindano ya hospitali. Ukikinusa husikii chochote. Kwenye pakiti yangu iliandikwa miligramu 0.5, maana yake kiasi cha harufu kilichonyweshwa kwenye mpira ni kidogo sana, na kiasi hicho kinatosha wiki nne hadi sita. Nondo dume ndiye anayeisikia.

Bwana shamba wetu alitueleza hivi. Alfajiri, jike wa kantangaze anatulia kwenye jani na kutoa harufu yake ya kuita dume. Dume anaifuata kwa kupinga upepo mpaka anamfikia. Wanakemia wamejifunza harufu hiyo imeundwa na nini, wakaitengeneza kiwandani bila jike yeyote. Alituambia pia kwamba nondo wa kwanza kufumbuliwa siri hii alikuwa nondo wa hariri, mwaka 1959, na Mjerumani Adolf Butenandt pamoja na wenzake walilazimika kutumia majike yapatayo 500,000 ili kupata chembe ya harufu ya kuipima. Majike nusu milioni! Nilipolisikia hilo nikakiangalia kile kizibo cha mpira kwa heshima nyingine. Ya kantangaze ilifumbuliwa miaka ya 1990: ni mchanganyiko wa kemikali mbili, moja nyingi kama sehemu tisa katika kumi, nyingine sehemu moja iliyobaki. Harufu hizo ndizo tunaziita feromoni.

Jambo moja linafuata hapo, na ndilo lililoniponza msimu wa kwanza: kidonge kinaita madume tu. Jike haji. Na jike ndiye anayetaga.

Msimu wa kwanza nilinunua kwenye duka moja la pembejeo mjini. Jina silitaji, na yule kijana aliyeniuzia sina kisasi naye. Pakiti zilikuwa zimetundikwa kwenye msumari pale mlangoni, jua la mchana linazipiga usoni. Sikujua kwamba hilo ni kosa. Nikamuuliza, "Kijana wangu, hivi vinatumikaje?" Akanijibu, "Mama, hivi ukishaweka shambani unasahau habari ya kantangaze. Nondo wote wanaingia humu, wanakwisha." Nikafurahi. Nikanunua vidonge vinne na vibanda vyake vinne, vile vya plastiki ngumu vinavyokunjwa kama paa la nyumba, ndani karatasi ya gundi.

Nilipandikiza miche Juni mwishoni. Nikatundika vibanda vinne kwa ekari moja na nusu, juu kabisa, usawa wa bega langu, kwa sababu niliona vinapendeza vikionekana. Wiki ya kwanza nikahesabu nondo watatu kwenye vibanda vyote. Ya pili wawili. Ya tatu watatu tena. Nikamwambia mume wangu shamba letu ni safi, tupumzishe pampu. Tukapumzika wiki tatu nzima.

Nililigundua siku ya palizi ya pili. Mama mmoja kati ya vibarua aliinua jani, akaliangalia kwenye jua, akaniita bila kusema neno. Nilipoanza kuinua majani, kila mche ulikuwa na mabaka. Tulipiga dawa kama watu wanaozima moto, lakini mabuu walikuwa ndani tayari. Msimu ule nilitoa matenga 74. Mwaka uliotangulia, pamoja na taabu zote, nilitoa 190.

Ningeishia hapo na kuandika kwamba vidonge ni utapeli, kama si bwana shamba aliyekuja kuangalia hasara. Sikumwita kwa ajili ya mitego, alikuja kwa ajili ya kikundi. Akakiona kibanda, akakifungua, akagusa gundi kwa kidole. Gundi ilikuwa imejaa vumbi jekundu. Shamba langu liko kando ya barabara ya vumbi, na kiangazi kila pikipiki inayopita inaacha wingu. "Hii mama ni karatasi ya kawaida sasa," akasema. Kisha akauliza nilinunua wapi, pakiti ilikuwa wapi, ina tarehe gani. Tarehe sikuwa nimeitazama. Tulipoitafuta kwenye pakiti iliyobaki, muda wake ulikuwa umekwisha miezi saba kabla sijanunua.

Akafanya jambo ambalo ningependa kila duka lilifanye mbele ya mteja. Siku ya pili alikuja na kidonge kipya kilichotoka kwenye friji, akakitundika juu ya beseni la maji. Hatua kama kumi na tano kutoka hapo tukaweka beseni jingine la aina ileile na kile kidonge changu cha zamani. Maji yaleyale, sabuni ileile, jioni ileile. Kesho yake saa moja asubuhi tulikwenda pamoja. Kwenye la kwangu alielea nondo mmoja. Kwenye la kidonge kipya tulihesabu 57, tukiwatoa mmoja mmoja kwa kijiti na kuwapanga juu ya jani la mgomba. Sikuwa na la kusema. Wiki zote zile nilizoamini shamba ni safi, nondo walikuwepo kwa mamia wanapita juu ya mtego uliokufa.

Ndiyo maana nasema cha kwanza kuangalia ni duka. Harufu hii inaruka hewani, hiyo ndiyo kazi yake, na joto linaiharakisha. Kidonge kilichokaa miezi kwenye jua kimeshaita madume wa mtaa mzima na kumaliza. Muuzaji mwenye friji, au walau boksi la baridi, mpe pesa yako. Muuzaji aliyevitundika mlangoni pamoja na mbegu za mchicha, mpite. Tarehe isome wewe mwenyewe, usisomewe. Na pakiti ikiwa imetobolewa kidogo tu, irudishe.

Msimu wa pili nilinunua kwenye duka jingine, ambalo dada mwenye duka alinitolea pakiti kutoka kwenye friji, akazifunga kwenye gazeti pamoja na chupa ya maji yaliyoganda. Nikapanda gari Ipogolo mpaka nyumbani bado ni za baridi. Kwangu sina friji. Nilizipeleka kwa wifi yangu mwenye kibanda cha soda, tukazitia kwenye mtungi wa plastiki wenye kifuniko ili zisikae wazi karibu na vyakula, na nilikuwa nachukua za kuweka tu.

Kidonge kimoja nililipa 6,500. Vibanda vya gundi niliviacha kabisa. Kwa sehemu yetu yenye vumbi havifai, labda uwe na karatasi nyingi za kubadilisha, nazo zinauzwa ghali. Nikanunua mabeseni ya kawaida ya kufulia, 3,000 kila moja. Mwanzoni nilichukua ya njano kwa kuwa ndiyo yaliyokuwepo sokoni. Siku ya tatu nikakuta nyuki wamezama humo, wengi kuliko nondo. Iliniuma, maana mzinga wa jirani uko pale juu, na nyuki hana kosa. Nikayarudisha nyumbani kwa kazi za jikoni, nikatafuta mekundu. Nyuki wakapungua sana.

Mpangilio wangu ulikuwa mabeseni 16. Bwana shamba alisema kwa kupima tu kama nondo wapo, mitego miwili hadi minne inatosha hekta nzima. Ukitaka kuwapunguza kwa kuwazamisha, hapo unahitaji 20 hadi 40 kwa hekta, yaani kama 8 hadi 16 kwa ekari. Vile vinne vyangu vya msimu wa kwanza, hata vingekuwa vizima, vilikuwa vya kupimia. Niliviuziwa kama vya kumalizia.

Beseni linakaa chini, juu ya matofali mawili, maana kantangaze anaruka chini chini. Maji robo tatu, sabuni ya unga nusu kijiko ili nondo akigusa maji azame, asielee na kuondoka. Juu ya beseni unapitisha waya mwembamba wa mafundi ujenzi, kidonge kinaning'inia vidole viwili juu ya maji bila kulowa. Usikishike kwa mkono mtupu. Mimi natumia mfuko wa nailoni kama glavu, kwa sababu harufu ikikaa kwenye vidole unaipaka kila unachogusa, mpini wa jembe mpaka kanga.

Niliyaweka mabeseni wiki moja kabla ya kupandikiza. Hilo lilinishangaza mwenyewe: shamba tupu, matuta yana unyevu tu, na tayari nondo wanaingia. Maana yake walikuwepo kwenye mabaki ya zamani na kwenye ndulele za kingoni, wananisubiri.

Kisha nikaanza daftari. Binti yangu wa darasa la sita alinichorea mistari: tarehe, namba ya beseni, idadi. Jumatatu na Alhamisi asubuhi tunahesabu, tunamwaga, tunajaza maji. Kazi hii inachukua saa moja na nusu, na mtu asiyetaka kuifanya asinunue vidonge, kwa sababu faida yote iko kwenye kuhesabu. Tulielekezwa kwamba mtego mmoja ukishika zaidi ya 30 kwa wiki, hatari imeingia, nenda kwenye majani. Wiki nne za kwanza, Julai na baridi yake, mabeseni mengi yalikuwa na watano, sita, wanane. Sikupiga hata dawa moja. Moyo ulikuwa unadunda kwa kukumbuka mwaka uliopita, lakini safari hii nilikuwa na majani mkononi pamoja na hesabu: kila Alhamisi nilikagua miche 30, jani kwa jani, na mabaka yalikuwa ya kuhesabika kwa vidole. Yale machache nilichuma nikayafukia.

Wiki ya sita, joto lilipoanza kupanda, beseni namba 3 likashika 38, namba 4 likashika 51, namba 5 likashika 46. Mengine yote yalikuwa chini ya 15. Binti yangu ndiye aliyeliona. Akaweka daftari chini akasema, "Mama, mbona haya matatu yako upande mmoja?" Yalikuwa upande wa juu, mpakani na shamba la mzee jirani yetu.

Mzee yule alikuwa amemaliza kuvuna nyanya zake mwezi mmoja nyuma na kuziacha zimesimama, matunda mabovu yananing'inia, kama wengi wetu tunavyofanya. Miaka yote nilijua lile shamba ni kiota, lakini utamwambiaje mtu mzima shamba lake linakuambukiza? Utaonekana una maneno. Safari hii nilibeba beseni namba 4 lenyewe, na maji yake na nondo wake, nikaenda mpaka uani kwake.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene, mwanangu. Umeniletea nini?"

Nikaliweka chini. Nikamwonyesha na lile la upande wa chini, namba 12, lenye nondo sita. Nikamweleza kwamba haya ni ya siku chache tu tangu tumwage mara ya mwisho, na upepo wa alfajiri unatokea kwake. Aliinama akaangalia kwa muda mrefu. Akaniuliza kidonge kinauzwa wapi. Kisha akasema, "Kesho leteni majembe." Wanakikundi tisa tulikwenda, tukang'oa shamba lile siku moja, tukachimba shimo, tukafukia matunda yote na kuyafunika kwa udongo wa kutosha. Wiki mbili baadaye mabeseni yale matatu yalishuka mpaka 11, 14 na 9.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi kubwa ya bidhaa hii kwetu sisi wenye mashamba yasiyo na kuta. Inakuambia nondo wameingia lini na wametokea wapi, kabla hujaona jani limebadilika rangi. Yule kijana aliniahidi itawamaliza, na hiyo haiwezekani. Dume mmoja anaweza kupanda majike kadhaa, kwa hiyo ukizamisha madume tisini katika mia, wale kumi waliobaki wanafanya kazi yote. Jike aliyepandwa shamba la jirani anakuja kwako na mayai yake, wala hageuki kuangalia beseni. Na kuna watafiti waliowafuga maabara wakaona jike asiyewahi kukutana na dume anataga mayai yanayoanguliwa. Ulaya kwenye nyumba za nyanya zilizofungwa kila upande hutundika harufu nyingi mpaka dume anachanganyikiwa, hajui jike yuko wapi. Bondeni Ilula upepo unapita wazi, hilo tusilitegemee.

Ile wiki ya sita niliporekodi namba kubwa, sikukimbilia pampu siku hiyohiyo. Madume wengi leo maana yake mayai siku chache zijazo, na mabuu wadogo baada ya hapo, na buu mdogo ambaye bado hajachimba ndani ndiye anayekufa kirahisi. Nilisubiri siku tano, nikakagua majani, nikakuta mabaka madogo madogo mapya, nikapiga dawa ya bakteria, ile ya Bacillus thuringiensis, jioni jua likiwa limeshuka. Nilitazama kwanza lebo kama ina usajili wa mamlaka yetu ya viuatilifu, TPHPA, maana nimechoka kuuziwa maji ya rangi. Baada ya siku saba nikarudia. Msimu mzima nilipiga mara 7 badala ya 18, na nilikuwa nabadilisha aina, sirudii ileile mfululizo.

Hesabu yangu ilikuwa hivi, wapenda hesabu waichambue. Mabeseni 48,000. Vidonge 16 mara mbili, kwa sababu nilivibadilisha baada ya wiki tano, 208,000. Jumla 256,000. Kupiga dawa mara 7 kwa 45,000 ni 315,000. Kwa hiyo nilitumia 571,000 mahali nilipokuwa natumia 810,000, na mabeseni bado ninayo. Nilitoa matenga 203. Dalali aliyekuja na lori la Dar es Salaam alipasua nyanya nne kutoka matenga tofauti, akafunga kisu.

Kasoro ninazo, nazo nazisema. Maji yanakauka upesi Septemba na Oktoba, inabidi kujaza hata katikati ya wiki, na siku za upepo mkali majani na takataka zinajaa. Mbuzi walikunywa beseni mbili, nashukuru ilikuwa sabuni tu. Mabeseni mawili yaliibwa usiku, nikanunua mengine nikayatoboa pembeni juu kidogo ili yasifae kufulia. Mvua ya kwanza ya Novemba ilijaza yote yakamwagika, nondo wa siku tatu wakaenda na maji na ukurasa wa daftari ukabaki mtupu.

Kubwa zaidi kwangu ni maandishi. Pakiti nzima hakuna neno moja la Kiswahili. Kuna picha ya mdudu, kuna Kiingereza cha herufi ndogo, kuna lugha nyingine ambayo hata bwana shamba hakuitambua. Kitu kinachotakiwa kutunzwa kwenye baridi, kinachouzwa kwa mkulima wa Ilula, hakisemi "weka kwenye baridi" kwa lugha yake! Mistari mitano tu ingetosha: ni ya mdudu gani, inaita dume tu, itunze kwenye baridi, ibadilishe baada ya wiki ngapi, weka mingapi kwa ekari. Ningekuwa nimesoma hiyo mistari mitano, matenga yangu zaidi ya mia yasingepotea.

Shemeji yangu aliponzwa na hilohilo. Aliona mabeseni yangu, akaomba vidonge viwili, akavipeleka kwenye mahindi kwa ajili ya viwavijeshi vamizi, wale walioingia nchini mwaka 2017. Wiki mbili hakushika hata mmoja wa wale, wakati mahindi yanaliwa mpaka kwenye moyo. Alikuja amekasirika. Nikamweleza nilivyofundishwa: kila nondo ana harufu ya kabila lake, na dume wa kiwavijeshi akisikia harufu ya jike wa kantangaze ni kama hajasikia kitu. Vipo vidonge vya viwavijeshi, vina pakiti yake na mtego wake wa ndoo, avitafute hivyo. Na visitundikwe pamoja mtego mmoja, wala kutunzwa mfuko mmoja pakiti zikiwa wazi, maana harufu zinaingiliana. Vidonge vilivyokwisha msivitupe shambani pia. Mimi navikusanya kwenye kopo lenye kifuniko na kuvifukia mbali, kwa kuwa hata kilichochoka bado kinaita wachache na kukuharibia hesabu.

Msimu huu tumekubaliana kikundi kizima kununua pamoja, vidonge 120, na dada wa duka lile amekubali kutuletea moja kwa moja kwenye boksi la barafu mpaka Ilula. Friji ya wifi yangu imeshatengwa rafu ya chini. Mzee jirani amelipia vyake sita, akaniomba binti yangu akamchoree naye daftari.